Picha za Jicho la Sifa

Siku niliyoacha kazi mliniandalia soda na mikate, mkanipa saa ya ukutani. Saa! Miaka yote nilipokuwa mbio mbio hamkunipa, mkangoja hadi nisiwe na pa kuwahi. Kisha Neema, ambaye sasa ndiye anayeshika simu ya picha, akaniomba niwaachie ukurasa mmoja wa maelekezo: jinsi ya kupiga picha ya nyuma ya jicho na kuituma kwa daktari aliye mbali. Nimekaa hapa nyumbani Katindo, nimeuandika ukurasa huo mara tatu, na mara tatu nimeuchana. Kubana lenzi kwenye simu mtajifunza kwa siku mbili. Jambo ninalotaka mlijue mimi lilinichukua karibu maisha yote ya kazi, na kuna mwanamke aliyelilipia kwa jicho lake. Someni kwa subira. Nitajitahidi nisiwagombeze, ingawa mnanijua.

Nilifika Goma kutoka Butembo nikiwa na cheti cha uuguzi ambacho wino wake ulikuwa bado unanuka. Wakimbizi walikuwa wamevuka mpaka na kujaa mjini hadi huoni pa kuweka mguu. Wauguzi wote wenye nguvu walipelekwa kwenye kambi za kipindupindu. Mimi nilikuwa mwembamba, nikapelekwa kwenye kituo cha macho. Nilinuna. Nilitaka kushona vidonda vya watu, nikapewa kutazama mboni.

Pale nilimkuta Muzee Anselmi, Muhunde wa milima ya Masisi, muuguzi wa macho tangu ujana wake. Alikuwa na tochi, chombo kidogo cha mkononi cha kutazamia ndani ya jicho, na ubao wenye herufi E zilizogeuzwa kila upande, ili hata asiyejua kusoma aonyeshe kwa mkono meno ya herufi yanaelekea wapi. Siku yangu ya kwanza hakunifundisha kitu. Alinilaza kwenye benchi, akanitia machoni matone ya kupanua mboni, akangoja yashike, halafu akanituma sokoni nikanunue sabuni. Mboni ikipanuka hivyo mwanga wote unaingia kwa pamoja na vitu vya karibu vinakuwa ukungu. Na ninyi mnaijua ardhi yetu, mawe meusi ya volkano yenye ncha kila mahali. Nilianguka mara mbili. Niliporudi nalia kwa hasira, na sabuni niliyopunjwa, akaniambia: "Bon. Sasa unajua vile munamurudishaka mutu kwake."

Alikuwa na desturi moja iliyonichosha kuliko zote. Kabla hajainua tochi, alimsalimu mgonjwa, akamuuliza jina lake, jina la mama yake, mlima anaotoka, na amekuja na nani. Kila mgonjwa. Hata mstari ulipofika barabarani, yeye yuko palepale, "Na mama yako naye ni nani?" kana kwamba anatafuta mchumba. Siku moja nilishindwa kuvumilia.

"Muzee, batu ni bengi!"

"Njo maana ninawauliza," alisema. "Kama ni bengi, kesho nitamutambua kila mutu namna gani?"

Niliona ni maneno ya mzee asiye na haraka. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Vita vilikuja vikaondoka, vikarudi na majina mengine, na wagonjwa walikuwa walewale. Chombo chetu cha kupimia presha ya jicho, kile cha chuma chenye vizani vidogo, nilikimbia nacho mara mbili kifuani kama mtoto, mara moja kwa sababu ya volkano na mara moja kwa sababu ya bunduki. Muzee Anselmi alistaafu akarudi Masisi, na huko ndiko alikozikwa. Sikuweza kwenda kumzika kwa sababu njia ilikuwa imefungwa. Nililia kituoni, nimekaa kwenye benchi ileile aliyonilaza.

Sasa simu. Vita vilipokata barabara ya kaskazini, wagonjwa wetu hawakuweza tena kufika Butembo, na huko ndiko alikokuwa Daktari Paluku, bingwa wa macho pekee aliyekubali kutusaidia. Basi tukaletewa simu yenye lenzi ya kubana mbele yake. Unapanua mboni, unasogeza lenzi polepole hadi ile duara nyekundu ijae kioo, unabonyeza. Pale nyuma ya jicho unaona mshipa wa kuonea unapoingia, umekaa kama sahani ndogo ya rangi ya chungwa, na katikati ya sahani kuna kishimo. Kwa mtu mwenye afya kishimo ni kidogo. Kwa mwenye ugonjwa wa presha ya jicho kishimo kinapanuka, kinaila sahani kutoka ndani, na mtu haoni dalili yoyote, hasikii maumivu, hadi siku anapogonga mlango. Picha unaituma asubuhi mapema mtandao ukiwa bado mwepesi, na ukibahatika jibu linakuja kabla hujala mchana.

Niseme ukweli, niliipenda ile simu. Mimi niliyekwenda miaka yote na tochi, ghafla daktari wa Butembo anaona nikionacho! Nilijifunza haraka na nikawa hodari, na nikajivuna. Nilipanga kazi upya: unatazama kartasi ya mgonjwa, unaandika jina na namba, matone, picha, mwingine. Maswali ya Muzee Anselmi niliyaacha. Nilijiambia simu inakumbuka kunishinda, jina la mama wa mtu litanisaidia nini?

Kisha vita vikapanda upande wa Rutshuru, na watu wakashuka kwa miguu hadi Munigi na kando ya barabara yote. Mahema ya turubai yakaota juu ya mawe. Sisi tulikwenda huko mara moja kwa mwezi, tukiweka meza chini ya turubai letu wenyewe. Ili muelewe kilichotokea lazima mjue kambi inavyoishi. Kuna siku ya pwantaji. Wanakuja watu na orodha, wanasoma majina, na ukisikia lako unasimama na kartasi yako. Jina likiitwa na hakuna anayeitika, linafutwa, na jamaa nzima inakosa chakula. Sasa mtu akiwa mgonjwa, au amekwenda kuni, au ameenda kuzika, ndugu yake anasimama mahali pake na kuitika. Kila mtu kambini anajua. Wasoma orodha nao wanajua, nadhani. Kumwitikia ndugu yako ndiko kumpenda, na asiyefanya hivyo anasemwa.

Sifa alikuja mwezi wa kwanza. Kartasi yake ilisema anatoka Kiwanja, huko Rutshuru, mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha, halikuona hata mwanga wa tochi. La kushoto lilisoma ubao hadi mstari wa tatu. Presha ilikuwa juu mno. Nilipiga picha ya lile la kushoto: kishimo kilikuwa kimekula sehemu kubwa ya sahani. Daktari Paluku alijibu siku ileile: atie dawa ya matone kila siku bila kuacha, maisha yake yote, na kila mwezi tumpige picha nyingine. Aliongeza: "Ana jicho moja tu. Tukizembea, ni giza." Nilimpa Sifa chupa ya kwanza, nikamweleza namna ya kutia, nikaita jina lililofuata.

Mwezi wa pili niliita "Sifa!" mwanamke akasimama na kartasi. Nilimtia matone na kupiga picha, lakini ilitoka na ukungu, na mtandao ulikuwa wa kubembeleza. Hospitali ya Butembo nayo ilijaa majeruhi. Daktari aliandika tu: "Haionekani, rudia." Nilimpa chupa ya pili. Mwezi wa tatu mabomu yalilia karibu na hatukwenda. Tuliagiza chupa kwa msaidizi wa kambi, akaita majina na kugawa. Mwezi wa nne tukarudi.

"Sifa!"

Akasimama. Nilimwuliza kuhusu jicho la kulia, akasema, "Hii haionaka kitu." Nikamwonyesha ubao kwa la kushoto. Alisoma mstari wa tatu, wa nne, akaendelea hadi ule wa chini kabisa ambao hata mimi siku hizi unanishinda. Nilipiga makofi. Ndiyo, nilipiga makofi, na watu kwenye mstari wakapiga nao. Yeye aliinama akatazama miguu yake, nikadhani ni haya. Presha ilikuwa imeshuka vizuri kabisa. Picha ilitoka safi, na kishimo kilikuwa kidogo kama cha msichana. Nilimpa chupa ya mwezi huo, nikaituma picha na kuandika chini yake: "Docta, dawa imefanya kazi ya ajabu!"

Alipiga simu badala ya kuandika.

"Mama Kavira, hii picha ni ya nani?"

"Ya Sifa, njo imeandikwa hapo. Unaona vile imepona?"

"Mama, mushipa ya jicho ikishakufa hairudiaka. Weye mwenyewe unajua. Ulipiga mutu gani picha?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye akae na mashine zake huko Butembo, mimi ndiye niliyekaa uso kwa uso na mgonjwa. Yeye si mtu wa kelele. Akasema tu: "Weka picha mbili pamoja, ya kwanza na ya leo. Kiisha unipigie."

Nikaziweka. Mishipa ya damu nyuma ya jicho hupangika kwa kila mtu namna yake, hakuna wawili wanaofanana. Kwenye picha ya kwanza mshipa mmoja uliopanda juu uligawanyika mara mbili karibu kabisa na sahani. Kwenye picha ya leo ulipanda mzima hadi ukingoni. Nilitazama, nikafuta kioo kwa kitenge changu, nikatazama tena. Niliyajua haya yote, Muzee Anselmi alinifundisha, lakini furaha ilinishinda akili. Na kama ningemulika jicho la kulia kwa tochi kabla ya kutia matone, mboni yake ingenywea kwa mwanga na kuniambia wazi kwamba jicho hilo ni zima. Tochi ilikuwa mfukoni mwangu.

Kesho yake nilichukua pikipiki hadi Munigi. Nikasimama kati ya mahema nikaita, "Sifa!" na yule mwanamke akatoka na kartasi mkononi, tayari. Nilimvuta nyuma ya turubai.

"Mama yako ni nani?" nilimwuliza.

Aliitazama kartasi. Kartasi haikuandikwa jina la mama. Akaikunja upesi.

"Mama, usiniandike. Minakuomba. Bakimufuta Sifa, batoto bake bataikula nini?"

Jina lake lilikuwa Zawadi, mke wa kaka yake Sifa. Maharagi ya Sifa yalikuwa yameiva shambani Kiwanja, naye aliona heri ahatarishe roho kuliko kuyaacha yaozee huko na watoto wanalala njaa. Alikwenda baada tu ya mwezi wa kwanza, akipanga kukaa wiki mbili. Mapigano yakamfungia huko. Watoto alimwachia Zawadi, pamoja na kartasi.

"Lakini juu ya nini ulikuja kwangu?" Nilikuwa nimeshapandisha sauti. "Nani alikuambia macho ni pwantaji?"

"Si munaita jina?" alisema polepole, kama anayemweleza mtu mgeni. "Munaangalia kartasi. Munaandika. Kiisha munaita mwingine. Nikafikiri tukikosa kuitika mutamufuta."

Nilimwuliza chupa za dawa ziko wapi.

Alinipeleka kwenye hema lake. Chini ya magodoro ya majani alitoa kopo la maziwa, na ndani yake, zimefungwa kwa kitambaa, chupa tatu za dawa. Hata muhuri haukukatwa. "Nilikuwa namuchungia," alisema. "Natafuta mutu wa kupita huko." Nikakumbuka kwamba mara mbili nilimtia matone ya kupanua mboni, yeye mwenye macho mazima, nikamwachia arudi hemani juu ya mawe yale.

"Ulirudi namna gani?"

"Nilishika kamba za mahema, moja moja." Kisha, kwa wasiwasi: "Ile ubao, nilisoma mingi sana? Sikujua Sifa anaonaka mpaka wapi."

Nilikaa chini kwenye jiwe nikalia mbele yake, na yeye akanipa pole. Hebu fikirieni: yeye ananipa mimi pole. Nilimwapia kwamba sitasema kwa mtu yeyote wa orodha, na sikusema. Anayetaka kunilaumu kwa hilo anilaumu.

Lililobaki lilikuwa jicho la Sifa. Zaidi ya miezi miwili bila dawa. Zawadi alikuwa na namba ya jirani wa huko Kiwanja, Mama Furaha, ambaye simu yake ilishika mtandao akipanda kwenye kichuguu fulani nyuma ya nyumba. Tulipiga siku mbili bila kumpata. Siku ya tatu akaitika, akaenda kumwita Sifa. Ndiyo mara ya kwanza nilipoisikia sauti yake vizuri, maana siku ile ya kwanza sikumpa nafasi ya kusema.

"Mama, minaona kama kwa tundu ya mulango," alisema. "Katikati naona. Pembeni hakuna. Jana nilikanyaga kuku."

Nikampima kwa simu. Nilimwambia Mama Furaha asimame hatua tatu mbele yake ainue vidole. "Vingapi?" "Mbili." "Ni kweli?" "Ni kweli," alijibu Mama Furaha. Kisha nikamwambia auhamishe mkono upande, polepole, na Sifa asigeuze kichwa. "Sema ukiacha kuviona." Alisema mapema mno. Nilirudia upande wa pili, naye akasema mapema vilevile. Niliandika yote na kumtumia Daktari Paluku, pamoja na ungamo langu lote. Hakunikumbusha maneno niliyomtupia kwenye simu. Aliandika: "Tundu lipo. Tupeleke dawa kabla halijajifunga."

Aliyeipeleka ni Papa Musubao, mchuuzi wa kwetu Butembo, aliyezoea kupita katikati ya watu wenye bunduki na pikipiki yake ya chumvi na sabuni. Niliweka chupa tatu ndani ya termosi ya chai yenye maji baridi, kwa sababu dawa hii haipendi jua. Kila kizuizi walimfungulia ile termosi. Kwenye kimoja askari alikata chupa akaonja, akatema, akasema mtu aliyetengeneza pombe hii afungwe. Chupa hiyo ilipotea. Zile mbili zilifika, na Mama Furaha alipopiga kusema zimefika niliruka kituoni kama kichaa. Baadaye Papa Musubao alipeleka nyingine kila alipopita.

Tangu hapo Sifa alitia dawa kila siku, na kila asubuhi ya siku ya soko alipanda kichuguu na mimi nilipiga. Nilimwongoza hatua kwa hatua: lala chali, vuta kope ya chini, tone moja, funga jicho, bonyeza kona ya karibu na pua, sali Salamu Maria mbili bila kuharakisha, ndipo uachie. Alisali kwa sauti na mimi nilisikiliza. Lakini kabla ya hayo yote nilimwuliza swali.

"Mama yako ni nani?"

"Ni Felisita, ile mwenye alikuwa anauzisha ndizi. Weye Mama, kila juma unauliza! Hujaishika bado?"

"Niambie tu."

Alicheka. Baada ya wiki kadhaa nilijua kwamba Felisita alikuwa na sauti ya kuimba, kwamba alizaa tisa, kwamba Sifa ni wa sita na ndiye aliyembeba mama yake mgongoni siku ya kwanza walipokimbia, miaka ya nyuma. Kila mara vidole vya Mama Furaha viliinuliwa na mimi niliandika. Tundu halikupanuka, lakini halikujifunga. Wiki mbili mfululizo mtandao ulikatika kabisa na sikujua kama ni vita au nguzo imeanguka. Wiki hizo mbili nilikuwa mkali kituoni kupita kiasi. Wale niliowagombeza, naomba msamaha sasa.

Njia ilipofunguka kidogo, miezi mingi baadaye, tulikwenda Munigi kama kawaida. Sikuambiwa kitu. Niliketi mezani, kartasi mbele yangu, nikaita, "Sifa!"

Zawadi akasimama. Kwa mazoea tu, maskini. Kisha akashika mdomo, akakaa upesi, na watu wa mstari wakacheka, na yeye akacheka hadi machozi. Kando yake mwanamke mwingine aliinuka taratibu, akishika bega lake. Alikuwa amekonda. Alikuja mbele akigeuza kichwa kulia na kushoto ili alipate lile eneo dogo la kuonea. Sikumtambua. Nilikuwa nimelishika jicho lake kwa mkono wangu, picha yake nimeitazama hadi najua kila mshipa, na ule uso ulikuwa mgeni kwangu kama wa mpita njia.

Nikamuuliza jina la mama yake.

"Felisita," alisema. "Njo weye Mama wa simu?"

"Njo miye. Sifa, nilikukosea. Miezi yote nilikuwa natazama jicho ya Zawadi na kuandika jina yako."

"Zawadi aliniambia. Nilikuwa nafikiri nikikuona nitakukumbuka. Lakini sikuonaka uso yako. Ile siku ya kwanza haukuinua kichwa kutoka kwa simu."

Alisema bila hasira, na ingekuwa afadhali angenitukana. Picha niliyompiga asubuhi ile ilionyesha kishimo kimepanuka kuliko cha kwanza, na ukingo mwembamba uliobaki, mzima, upande wa chini. Daktari Paluku alisema ukingo huo ukitunzwa atazeeka nao. Hadi ninaacha kazi ulikuwepo. Kilichokwisha ndani ya miezi ile hakikurudi, na jina lililoandikwa kwenye kosa hilo ni langu.

Basi Neema, maelekezo yako ni haya. Piga kwanza picha ya uso. Mulika tochi kabla ya matone. Na uliza jina la mama, hata mstari ukifika barabarani, hata wakikuona mpumbavu. Mengine simu yenyewe itakufundisha.

Siku ile, nilipokuwa nafunga lenzi niite mwingine, Sifa hakuinuka. Alinishika mkono wa nguo. "Mama, sogea hapa katikati," alisema. "Sogea tena. Hapo. Sasa tulia, nikuangalie na miye."

Niliiweka simu mezani, nikakaa pale aliponionyesha. Aliniangalia muda mrefu, mstari mzima ukitungoja, na sikujua mikono yangu niiweke wapi.